Maneno ya Bibi Yako Siku Ulipomsuka

Barking, Jumamosi alasiri

Mize mwanangu,

Umetoka na mama yako kwenda kununua viatu vya wazi, ati vya kuvalia Unguja, na mimi nimebaki na sanduku lako hapa sebuleni, limekaa katikati ya njia kama mgeni aliyekataa kiti. Kesho saa hizi utakuwa angani. Mambo ya pasipoti, dawa za malaria na maji ya kuchemsha mama yako ameshakwambia mpaka umemnunia, kwa hiyo mimi hayo siyagusi.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Najua hukijui. Najua pia kwamba unakwenda huko kukisoma, mwaka mzima, darasani, kwa mwalimu, lugha iliyokuwa mdomoni mwa babako siku zote ulizokua naye nyumba moja. Watakuuliza huko kwa nini hukufundishwa nyumbani. Utawajibu nini? Kila uliponiuliza mimi nilisema London hakina kazi. Nilikuwa nasema uongo, na kwa Kiingereza, maana Kiingereza ndicho nilichozoea kusemea uongo tangu utotoni. Ukweli wa jambo hili sina maneno yake kwa lugha ile.

Barua hii utampa Shangazi Asya, binti wa ami yangu, atakayekupokea. Yeye atakusomea na kukufasiria. Asya, nisamehe mwandiko, na usinicheke Kiswahili changu cha kizamani; ni cha mama na cha mabaharia, kingine sikupata. Na tafadhali usiruke kitu. Hata pale utakapoona haya, usiruke.

Babu yako, Mize, alikuwa baharia, kazi yake kutia makaa kwenye matanuri ya meli. Vita vilipokwisha alibaki huku, akapanga vyumba viwili vya chini kule Stepney, karibu na gati, kisha akatuita mimi na mama kutoka Unguja. Nilikuwa mdogo wa kushikwa mkono. Upande wetu wa mtaa nyumba zilikuwa zimesimama; upande wa pili mabomu yalikuwa yamezilaza, na kwetu sisi watoto hapakuwa na uwanja kama ule. Kutwa tulipanda na kushuka vifusi. Ukuta mmoja ulibaki peke yake, na kule juu ulionekana bado na jiko la kuotea moto na karatasi ya maua ya chumbani kwa watu, chumba chenyewe hakipo. Hatukuuliza watu wale walikwenda wapi. Tuliokota vitasa, vikombe vya bati, na siku moja meno ya bandia, ambayo Roni, mtoto wa jirani, aliyavaa papo hapo akatuchekea nayo. Leo nisingeyagusa hata kwa kijiti. Siku ile nilimwonea wivu.

Bafu hatukuwa nalo. Kulikuwa na karai refu la bati limetundikwa kwenye msumari uani, linashushwa mara moja kwa wiki na kuwekwa jikoni mbele ya moto. Kwa kina Roni aliingia baba, kisha mama, kisha watoto, mkubwa hadi mdogo, maji yaleyale, na Roni ndiye kitindamimba, anaoga supu. Mama alipoyaona hayo alishika kifua. Alisema huko si kuoga, ni kujichemsha na taka za wenzio. Basi mimi nilisimamishwa wima ndani ya karai, mbele nabanikwa na moto, mgongoni naganda kwa baridi ya mlango, na mama ananimwagia kwa kopo huku ananisugua kwa dodoki alilotumiwa kutoka kwao. Nililia nataka kukaa majini kama Roni. Mpaka leo nikijinyoosha kwenye bafu letu hili, maji ya moto yanatoka bombani yenyewe, nahisi kama naiba. Choo nacho kilikuwa uani. Kopo la maji la mama lilikuwa linaganda usiku, na asubuhi ni kulivunja barafu kwa kisigino kabla ya lolote.

Ukungu wa siku zile hukuukuta. Ulichanganyika na moshi wa makaa, ukawa wa manjano na una ladha. Tulirudi skuli tukipapasa kuta, na kitambaa cha pua kikatoka cheusi. Skuli tulipewa maziwa kwa chupa ndogo. Baridi ikizidi yaliganda yakainua kifuniko, mwalimu akayapanga mbele ya jiko yayeyuke, yakawa vuguvugu, na ndiyo maana mimi na maziwa ya moto hatupatani. Peremende zilikuwa za mgao, kwa kuponi. Siku zilipoachiwa kila mtu anunue atakavyo, Roni alikula mpaka akaugua, na mama yake akampiga kwa kuugua.

Jumatatu ilikuwa ya kufua, mtaa mzima. Mama Roni alikuwa na dude kubwa la shaba la kuchemshia nguo, limejengewa jikoni kwake. Mama ndiye aliyempa jina hilo la Mama Roni, amwite kwa mwanawe kama kwetu, na yule Mwingereza wa watu akaitika bila kuuliza. Mama alikuwa anapeleka nguo zake kwake. Wanawake wawili wasioelewana hata neno, kutwa wanakamua mashuka, huyu ameshika ncha hii na huyu ncha ile, wanasokota. Kisha kanga za mama zinaanikwa uani katikati ya mashuka meupe ya watu, na watu wanachungulia juu ya ukuta. Naandika haya natabasamu, Mize. Nilikuwa na utoto mzuri. Sijakwambia hata siku moja, na hilo nalo limo katika makosa yangu.

Sasa nisikilize. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa mama. Babu yako yuko baharini miezi kwa miezi, na mama Kiingereza hakikumwingia, au alikikataa, sijui. Dukani, posta, kwa mwenye nyumba, mama anasema, mimi nafasiri. Nilijiona dume. Na mapema tu nikagundua kwamba ukiwa katikati unaweza kupunguza. Mama alikuwa na ulimi mkali. Akisema viazi vya mwenye duka hata mbuzi wa kwao hawali, mimi nasema mama anashukuru, anaomba vingine. Mwenye duka akinung'unika kwamba watu hawa hawaridhiki, mimi namwambia mama, anasema leo baridi kali. Wote wawili wanaachana wanatabasamu. Mtaa mzima ulimjua mama kwa upole wake, mama yangu huyo huyo. Nikaona nina kipaji.

Nilikuwa kama wa miaka tisa mama alipoanza kujishika kiuno kila akiinuka. Siku moja hakuniacha niende skuli, akanichukua kwa daktari. Daktari alikuwa mzee mwema, ananuka tumbaku. Mama alivuta mtandio, akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo nisiyoizoea: "Mwambie damu yangu haikatiki. Miezi sasa. Na huku chini kunauma."

Asya, hapo usiruke. Mimi niliruka.

Maana nilielewa. Si yote, lakini nilielewa kwamba haya ni mambo ya wanawake, yanasemwa mlango umefungwa, na mimi mtoto wa kiume nitakiwe kuyatamka mbele ya mwanamume wa kizungu, na mwenyewe ni mama yangu. Masikio yaliniwaka moto. Nikasema mama anaumwa na tumbo. Damu sikuitaja. Daktari akajigusa hapa juu, chini ya kifua, akauliza kwa macho, hapa? Mama akamtazama, akanitazama mimi, kisha akaitika kwa kichwa. Naye aliona haya, masikini. Tukapewa chupa ya dawa nyeupe nzito, akainywa kijiko kwa kijiko mpaka majira yakabadilika. Ilipokwisha tulirudi, na mimi nikasema vilevile. Ukishamdanganya daktari mara ya kwanza, mara ya pili utaanzia wapi?

Aliyemwokoa ni Mama Roni, na yeye hakuhitaji mkalimani. Jumatatu moja alifunua ndoo ya mama, ile ambayo mama alikuwa hampi mtu aishike, akaona vitambaa vilivyomo. Kisha akafuta mikono, akavaa koti juu ya aproni, akamvika mama koti jingine la kwake, akamshika mkono mpaka kituo cha basi. Mimi nilifuata nyuma.

Hospitali walimtoa kizazi. Muda umepita, walisema, hapana lingine la kufanya. Mama alipoweza kukaa kitandani akaja daktari mwingine, kijana, ana haraka zake, akasimama upande wa miguu, akaniambia: "Muulize mama yako kwa nini hakusema mapema."

Mize, nimeendesha mabasi ya mji huu karibu umri wangu wote. Nimetukanwa, nimetemewa mate, mtu amenitolea kisu kwa ajili ya nauli. Sijapata kuwa mahali pagumu kama pale kando ya kitanda kile. Nilimuuliza, na safari hii sikupunguza hata neno. Nikamwambia, mama, anauliza kwa nini hukusema mapema.

Mama alinitazama usoni. Kisha akasema, "Mwambie sikujua."

Nikamwambia daktari kwamba mama anasema hakujua. Akaandika, akaenda zake. Mama akanivuta kwake, akanifuta uso kwa ncha ya shuka. Hatukulizungumza jambo lile tena mpaka anaingia kaburini.

Ndiyo maana huna shangazi wa tumbo moja na mimi, na Asya amekibeba cheo hicho peke yake. Mama alikuwa akitaka binti. Alikuwa akitaka kichwa cha kusuka. Mimi nywele zangu fupi, na hata hizo alinisumbua nazo, ananikalisha kati ya magoti yake ananipaka mafuta, kisha anaachia mikono.

Ulipozaliwa wewe nilikupa jina lake, na nikaapa kwamba mtoto wangu hatakuwa mdomo wa mtu yeyote. Asiyejua lugha haitwi kufasiri. Ndivyo nilivyopiga hesabu. Mama yako, mzaliwa wa hapahapa, nilimwambia lugha mbili zitakuvuruga kichwa skuli, na kwa kuwa ananipenda akaniamini. Hata jina lako niliwaacha walimu walitamke wapendavyo, ukawa Meizi. Nilidhani lugha ndiyo iliyomuumiza mama. Kumbe lugha haikuwa na kosa. Iliyomuumiza ni haya yangu, na hiyo nilikuwa ningali nayo, nzima, naihamisha nyumba kwa nyumba.

Kisha babu yako akafa, na bibi akaja kukaa nasi hapa Barking. Ulikuwa kama wa miaka kumi. Unakikumbuka kiti chake karibu na bomba la joto, na alivyokuwa akilipapasa akicheka, kwamba moto gani huu hauna makaa wala majivu. Kiingereza kidogo alichokuwa nacho kilikuwa kinamtoka siku hadi siku. Wewe ukirudi skuli unatupa begi, unakaa naye, na yeye anazungumza nawe mfululizo, kana kwamba unaelewa. Na wewe ulikuwa unaniuliza, Baba, Bibi anasema nini? Nami najibu macho yangu yako kwenye televisheni. Anasema ule. Anasema uvae soksi. Miaka ile yote, mwanangu, nilikufanya uamini kwamba bibi yako alikuwa mtu wa chakula na soksi.

Kumbe alikuwa akikuhadithia haya. Karai la bati na mimi ninavyolia ndani yake. Meno ya bandia, yeye mwenyewe alivyotukimbiza nayo mpaka mwisho wa mtaa. Mashuka ya Mama Roni. Kanga yake moja iliyopeperuka siku ya upepo ikaangukia uani kwa kasisi, na hapana aliyethubutu kwenda kuiomba. Alikuwa anakupa mtaa mzima, nyumba baada ya nyumba, na mimi nimekaa pale pale kati yenu, nakukabidhi soksi.

Alipokufa nyumba ilijaa wanawake wetu kutoka kila pembe ya London. Walimlilia, wakamsimulia, wakacheka pia, maana wote aliwahi kuwasema. Na wewe uliyekaa naye kuliko wao wote umebanwa ukutani na sinia la vikombe. Mmoja alikuuliza jambo, hukuelewa, akageukia mwingine. Walipoondoka ulinifuata jikoni. Ulisema, "Umenifanya mgeni kwenye msiba wa bibi yangu." Nilikujibu kitu kuhusu vikombe, kwamba vingine ni vya msikitini. Uliniangalia kama mtu anayeangalia mlango uliofungwa, na tangu siku ile hukuniuliza tena kitu cha Kiswahili. Ukaenda kujaza fomu za kwenda Unguja, ukaniambia zilipokwisha kukubaliwa.

Nilistahili. Sikukasirika. Niliumia tu.

Lakini kuna siku moja hasa ndiyo iliyonikalisha hapa na kalamu. Ulikuwa kama wa miaka kumi na mbili. Bibi amekaa chini kwenye zulia, kati ya magoti yako, na wewe juu kwenye kochi unamsuka. Ulikuwa hujui kusuka, mama yako alikuonyesha kwenye mdoli. Ulimtia misuko miwili imepinda, mmoja juu ya sikio, mmoja shingoni. Mimi niko mlangoni na funguo mkononi, nakwenda kazini. Bibi akainua macho kunitazama, yamejaa machozi, akasema maneno machache, ameanza na "mwambie". Ukaacha kusuka. Baba, anasema nini?

Nilikuwa nimeyaelewa yote. Lakini nikikufasiria ungeuliza kwa nini anasema hivyo, na hiyo kwa nini ingenirudisha kwenye kile kitanda cha hospitali. Nikakwambia anasema asante. Asante ya Kiingereza bibi yako alikuwa akiijua vizuri, hiyo haikuwa imemtoka. Alinisikia nilichokupa badala ya alichonituma. Akageuza kichwa, akakuachia nywele zake uendelee. Nikatoka kuwahi basi langu.

Nimefika hapa, nimerudi juu nimesoma nilichoandika, na nimejiona. Mzee mzima na mvi zangu, nataka kumkalisha Asya katikati yetu, asome, afasiri, abebe aibu zangu. Amenikosea nini? Na wewe umeketi mbele yake, unamtazama mdomo, unangoja akupe cha babako, kama mama alivyokuwa akiutazama wangu. Hapana. Asya, nisamehe, nimekuita bure. Nilikwambia usiruke, sasa nakuomba usiisome kabisa. Yale niliyokuandikia huko juu siyafuti, mtoto aone nilivyokuwa nataka kufanya.

Kesho uwanja wa ndege, Mize, nitakwambia jambo moja kwa Kiingereza: hii barua usimpe mtu akusomee, mpaka uweze mwenyewe. Angalau hilo moja litakuwa kweli. Utaitia chini ya sanduku. Wiki za mwanzo utatambua mama, na baba, na labda viazi. Baadaye utaanza kunikasirikia, kidogo kidogo, kadiri maneno yanavyofunguka, na ni afadhali hivyo, maana sijui kama ningeweza kuivumilia hasira yako yote kwa mkupuo. Ukikwama, uliza neno lenyewe tu, karatasi usiionyeshe. Ukifika mwisho nipigie simu, unikaripie kwa Kiswahili. Nitakusikiliza mpaka umalize, wala sitakurekebisha.

Nasikia ufunguo mlangoni, mnacheka, viatu vimepatikana. Nafunga hapa, mimi babako. Siku ile ulipomsuka, bibi yako hakusema asante. Aliyosema ni haya, sikupunguza wala sikuongeza:

"Mwambie, yeye ndiye binti niliyekuwa nikimngoja. Alichelewa tu njiani."